Shangazi, tuuze kiwanja ili mtoto aende bweni?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu, Dodoma. Ni mama lishe, nawapikia mafundi wa majengo kule Mtumba, mji wa Serikali. Saa kumi alfajiri nimeshaamka, nyumbani narudi saa moja usiku. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, akipata nafasi anapita nyumbani mara mbili kwa mwezi.

Kinachonikosesha usingizi ni mtoto wetu wa kwanza. Ana miaka 16, yuko kidato cha pili shule ya Serikali ya kutwa. Shule ya msingi alikuwa mtundu wa kawaida tu, na darasa la saba alifaulu bila shida. Nilianza kuitwa shuleni alipofika muhula wa pili wa kidato cha kwanza. Mara anapiga kelele darasani, mara anamwigiza mwalimu wa Kiingereza darasa zima linacheka, mara karuka ukuta na wenzake wawili wameenda kukaa kijiwe cha bodaboda. Viboko kachapwa mpaka kavizoea. Mwezi uliopita alishikana na mwenzake, vioo vya dirisha la maabara vikavunjika, na mwalimu alipokuja kuamulia, mwanangu akamtukana mbele ya watu. Akarudishwa nyumbani. Mkuu wa shule aliniita ofisini akaniambia kwa upole kabisa: "Mama, mtafutie shule nyingine. Bodi ikikaa, huyu anafukuzwa."

Sasa kila mtu ana lake. Baba yake anataka apelekwe shule binafsi ya bweni, mkoa mwingine, inayosifika kwa kunyoosha watoto. Ada ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, na fomu ya kujiunga ina orodha isiyoisha: godoro, tranka, kwanja, rimu za karatasi, sare za aina tatu, hela ya tahadhari. Nimejumlisha nikapata 540,000. Hela hiyo hatuna. Tuna kiwanja Nala tulichonunua kabla bei hazijapanda, na dalali anasema kitatoka kwa milioni nne na nusu.

Jirani yangu anasema nisihangaike, nimpeleke kituo cha QT mjini, wanakoandaliwa wanaosoma sekondari nje ya mfumo wa kawaida, ni 45,000 kwa mwezi, wanasoma kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana. Kaka yangu anasema VETA, chuo cha ufundi, eti mtoto wa namna hii ni wa nyundo, si wa kalamu. Babu yake yuko Mvumi, yeye anataka aletewe achunge ng'ombe mwaka mzima, atanyooka mwenyewe. Dada yangu mkubwa, muuguzi mstaafu anayeishi peke yake Kondoa, naye alisema nimpelekee, lakini hilo sikulitilia maanani kwa sababu naona ni kumtwisha mzigo wangu.

Mwenyewe nikimwuliza anataka nini, ananijibu, "Yoyote tu, mama." Nimemtishia hata kumpeleka shule ya maadilisho, akacheka. Bangi sijamkuta nayo, ila vijana anaokaa nao siwaamini.

Shangazi, tuuze kiwanja? Dalali ananipigia kila siku.

Mama wa Nkuhungu

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Pole na safari za Mtumba.

Kiwanja msiuze. Nalisema hili kwanza kwa sababu dalali hasubiri Shangazi amalize maelezo. Chukua karatasi tupige hesabu ya baba yake pamoja. Kijana akiingia bweni katikati ya mwaka huu, mtalipa nusu ya ada, 1,200,000, pamoja na vitu vya fomu, 540,000. Hapo milioni moja na laki saba na arobaini imekwenda. Mwakani kidato cha tatu, 2,400,000. Kwenye milioni nne na nusu yenu imebaki 360,000, na sijahesabu nauli za likizo, hela ya matumizi wala kamisheni ya dalali. Januari ya kidato cha nne inafika, inadaiwa 2,400,000 nyingine, na kiwanja cha pili hamna. Mtoto atarudishwa nyumbani kwa kukosa ada mwaka ule ule wa mtihani wa taifa. Hapo ni kama shule yenyewe haijamfukuza kwa utovu wa nidhamu, maana shule binafsi nazo zinafukuza, tena nyingi zinafukuza upesi kuliko za Serikali, na ada iliyoingia benki hairudi kirahisi.

Sizichukii shule za bweni, wangu wawili wamesoma huko. Ila sifa ya "kunyoosha watoto" uichunguze kabla ya kuilipia. Mpigie mzazi mwenye mtoto pale, mwulize anayemtazama mtoto saa tatu usiku ni nani: patroni mmoja kwa watoto wangapi? Na akikosea wanafanya nini zaidi ya kumchapa? Kama jibu ni viboko, hivyo anavipata bure hapo Nkuhungu, na umeniambia mwenyewe kwamba kavizoea.

Twende shuleni kwake. Katika barua yako nzima sikuona karatasi hata moja. Mtoto karudishwa nyumbani, sawa, lakini kasimamishwa au kafukuzwa? Kwa siku ngapi? Mkuu wa shule anaweza kumsimamisha. Kumfukuza ni kazi ya bodi, na iko kwenye Kanuni za Kufukuza Wanafunzi za mwaka 2002, ambazo zinataja sababu. Nisikudanganye, utovu wa nidhamu wa kurudiarudia na kosa la jinai kama kuharibu mali ni miongoni mwa sababu hizo, kwa hiyo bodi ikiamua hivyo haitakuwa imetunga jambo. Lakini mzazi ana haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa mkoani, na bodi inayomwona mzazi amekuja na risiti ya vioo mkononi huwa na lugha nyingine. Lipieni vile vioo wiki hii. Na si wewe utoe hela, mwache yeye mwenyewe aende na fundi, avibebe, ashike ngazi fundi akivipachika. Kwa mwalimu aliyetukanwa aende ana kwa ana, baba yake akiwepo kama ratiba ya lori inaruhusu, na kama hairuhusu basi mjomba wake.

Kuhusu viboko, kwa kuwa tumevigusa: kanuni za mwaka huo huo zinasema visizidi vinne kwa kosa, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Omba kukiona kitabu hicho. Huendi kushitaki mtu. Kitakuonyesha tarehe na makosa, na ninashuku utakuta mengi yameangukia vipindi vile vile.

Ninashuku kwa sababu ya sentensi uliyoiandika kama unapita njia, kwamba shule ya msingi hakuwa na shida, na kelele zilianza kidato cha kwanza. Mwanangu, kilichobadilika kidato cha kwanza ni nini? Alitoka kusoma Sayansi kwa Kiswahili, akaingia kusoma Baiolojia, Fizikia na Jiografia kwa Kiingereza, masomo karibu yote kwa mkupuo, kwenye darasa lililojaa. Kuna watoto wanaozama pale wakinyamaza, tunawaita wapole. Wengine wanazama wakipiga kelele. Na huyu wako akitafuta wa kumwigiza, kati ya walimu wote anamchagua wa Kiingereza! Kijana wa miaka 16 yuko radhi aitwe mkorofi kuliko kusimama aulizwe swali aonekane hajui. Leo usiku, ukishapumzika, chukua daftari lake la Fizikia, umwombe akueleze ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Usimsahihishe, sikiliza tu. Kama hawezi, basi mwalimu wa kumfundisha Kiingereza jioni mara tatu kwa wiki atafanya kazi kubwa kuliko tranka na kwanja, na hao hapo Dodoma hawakosekani, vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wa Chuo cha Mipango wanafundisha mitaani kwa bei ya kuelewana. Mpime na macho pia, na masikio.

Bangi usimtuhumu kwa sura ya marafiki zake. Ukiwa na wasiwasi wa kweli, mwone afisa ustawi wa jamii wa Jiji, au mpeleke Mirembe, hospitali ya afya ya akili, akaongee na wataalamu. Najua Dodoma nzima mtu akisikia Mirembe anacheka. Mwache acheke. Pale wanatibu, na mtoto anayeanza kuzoea kilevi hasaidiwi na kufichwa.

Sasa nije kwenye njia ulizoletewa.

QT ya jirani yako kwa fedha ndiyo inayovutia. Nimeipigia hesabu: kuanzia Agosti hii mpaka Oktoba mwakani ni miezi 15, halafu Januari mpaka Oktoba ya mwaka wa mtihani ni miezi 10. Miezi 25 kwa 45,000 ni 1,125,000. Ada za Baraza la Mitihani zimekuwa 30,000 kwa mtihani wa maarifa, ndiyo hiyo QT, na 50,000 kwa kidato cha nne mtahiniwa wa kujitegemea akijisajili bila kuchelewa. Jumla 1,205,000, nusu ya ada ya mwaka mmoja wa bweni la baba yake. Tena muda haupotei. Usajili wa mwaka huu umeshapita kwa kuwa hufanyika mwanzoni mwa mwaka, lakini akifanya QT Novemba mwakani akafaulu, kidato cha nne atakifanya Novemba ya mwaka unaofuata, mwaka ule ule ambao wenzake aliowaacha darasani watakaa nao. Watu wengi hawalijui hili, wanadhani QT ni ya waliochelewa tu.

Mbona siikumbatii? Kwa sababu ya saa. Kipindi kinaisha saa sita mchana, wewe unaingia nyumbani saa moja usiku. Hizo ni saa saba kila siku ya kazi, saa 35 kwa wiki, za kijana ambaye tayari ana kijiwe chake na hana mtu mzima wa kumwuliza alikuwa wapi. Kituo cha QT kinafundisha, hakilei. Kwa kijana anayejituma, au anayeshinda mchana gereji kwa fundi anayemfahamu baba yake, ni njia nzuri sana. Kwa wako alivyo leo, ada hiyo ndogo utailipa kwa namna nyingine. Mkilazimika kwenda huko, ulizeni kwanza kama kituo kimesajiliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na mchana wake uwe na mwenyewe. (Ukisikia watu wakisema kuna mradi wa Serikali wa kurudi shule bila kulipa, SEQUIP, ujue ile njia yake mbadala ililenga wasichana walioacha masomo.)

VETA kaka yako hakukosea, amekosea sababu. Si mahali pa kutupa watoto wa "nyundo." Fundi umeme asiyejua hesabu ni hatari kwa nyumba yako. Ada ya kozi ndefu kwenye vyuo vya VETA imekuwa 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, ndogo kuliko kila kitu tulichokitaja, ukiondoa vifaa na sare. Ndiyo maana nafasi zinagombewa, na maombi hupokelewa miezi ya mwisho wa mwaka kwa kuanza Januari. Kwa hiyo hata mkitaka, kuna miezi ya kusubiri, na kusubiri kwenyewe ndiko kunakoniogopesha. Lakini mpeleke akaone karakana. Aingie ya magari, ya uchomeleaji, ya umeme. Ukimwona anauliza maswali badala ya "yoyote tu," utakuwa umejua kitu. Akiipenda kweli, ajaze fomu muda ukifika, na QT anaweza kuifanya baadaye akiwa na ufundi mkononi.

Kwa babu Mvumi aende likizo. Kuchunga ni kazi yenye akili yake na babu ana mengi ya kumpa, lakini mwaka mzima bila shule akiwa na miaka 16, kurudi darasani akiwa na 17 au 18 kati ya watoto wadogo, hatarudi huyo.

Shule ya maadilisho, acha kumtishia nayo, alicheka kwa kuwa anajua. Iko Irambo, Mbeya, na mtoto haendi pale kwa sababu mama yake kachoka. Hupelekwa kwa amri ya mahakama akikutwa na kosa. Na hapa ndipo lilipo tatizo lenu kubwa, ambalo si lenu peke yenu. Kati ya darasa la kawaida na mahakama, nchi yetu haina shule ya katikati ya mtoto msumbufu. Wenzetu Uingereza wana vituo maalumu, mtoto akifukuzwa halmashauri inawajibika kumtafutia masomo na kuyagharimia, tena kwa fedha nyingi kuliko za mtoto wa darasa la kawaida. Kwetu sekondari ya Serikali haina ada tangu 2016, na siku mtoto anapotolewa nje ya geti, bili yote inamwangukia mama lishe. Mimi naona si haki, na nimeshawaambia wabunge wawili watatu nilipowapata.

Imebaki njia usiyoihesabu, na mkuu wa shule amekupa ufunguo wake. Aliposema "mtafutie shule nyingine" kabla bodi haijakaa, wengi wangesikia fitina. Mimi nasikia mtu anayekupa nafasi ya uhamisho. Mtoto aliyehama ana barua ya uhamisho tu, aliyefukuzwa ana barua ya kufukuzwa, na mkuu wa shule nyingine akiisoma ana kila sababu ya kukwambia nafasi zimejaa. Uhamisho wa Serikali kwenda Serikali hauuzwi. Utagharamia sare, madaftari, mchango wa chakula cha mchana na nauli za kufuatilia.

Na aende wapi? Si shule ya mtaa wa pili, maana kijiwe kitamfuata. Una dada Kondoa. Muuguzi mstaafu, yuko peke yake, yuko nyumbani mchana kutwa, na amekuomba mwenyewe! Mwanangu, mtu amekupa bure kile ambacho baba yake anataka kukinunua kwa milioni mbili na laki nne: mtu mzima atakayejua kijana karudi saa ngapi. Mama mkubwa ni mama. Huko si kumtwisha mzigo, mradi usiende mikono mitupu. Elewaneni kabisa kiasi cha kila mwezi, kiitwe chakula cha mtoto, kitoke kabla hajakukumbusha. Ukituma 80,000 kila mwezi na 40,000 ya mwalimu wa Kiingereza, mwaka mzima ni 1,440,000. Ni fedha, sikatai, lakini inatoka kwenye sufuria zako na lori la baba yake, kiwanja kikibaki mahali pake.

Fanya haraka, kwa sababu upimaji wa kidato cha pili uko mwishoni mwa mwaka. Dada yako aulizie nafasi Kondoa wiki hii. Nafasi ikipatikana, rudi kwa mkuu wako wa shule akuandikie, halafu ofisi ya elimu ya Jiji. Uliza waziwazi upimaji ataufanyia wapi, na jibu uliandike. Nafasi ikikosekana, nenda kwenye bodi na risiti yako ya vioo, omba arudi kwa masharti yaliyoandikwa, na mwalimu wa malezi atajwe kwa jina kwenye hayo masharti.

Usimpeleke kwa kumvizia, amka vaa twende. Mwambie njia ni mbili, Kondoa au bodi, achague, na ukweli wa hesabu umwonyeshe. Kijana wa umri wake anajua kujumlisha. Mume wako naye mpigie akiwa ameegesha, umsomee tarakimu za Januari ya kidato cha nne kabla hujamtajia Kondoa.